Mchezo Wako wa Kumekucha

Zuhura, mdogo wangu,

Watoto wamerudi. Arobaini yako ilipokwisha, kina mama wa Kiswere waliwaleta uani kama zamani, kisha wakashuka pwani kutafuta pweza. Hawakuuliza kama ninaweza. Mwalimu mstaafu atashindwaje na watoto wasiojua hata kufunga kifungo? Ninashindwa, Zuhura. Ninaogopa tangu asubuhi. Ninaogopa kisima, ninaogopa makombe wanayotia mdomoni, ninaogopa wanaponyamaza.

Zaidi ya yote, kati yao ninamwogopea Mwanaidi.

Unaukumbuka mchezo wako wa adhuhuri. Ulijilaza katikati yao, ukajifunika kanga gubigubi, ukakoroma kwa vituko. Wakanyata, wakaivuta kanga na kupiga kelele, "Kumekucha!" Ukakurupuka. Nikakukaripia, "Wafundishe irabu, si utundu." Ukanijibu, "Irabu zitawangoja, Dada. Hazina miguu. Hapa wanajifunza kwamba aliyefunikwa bado yupo."

Siku ya msiba, Mwanaidi alipenya kati ya wanawake waliokuwa wakisoma Kurani. Kabla hatujamzuia, akavuta shuka iliyokufunika. "Kumekucha!" Akangoja. Akarudia, kwa sauti ndogo zaidi.

Tangu siku hiyo halali mchana. Wenzake nao anawazuia kulala. Huwafumbua macho kwa vidole. Jirani yetu, Bi Somoe, aliniambia, "Wakicheza kufunikana, wanaita msiba mwingine." Nikaupiga marufuku mchezo, nikawaketisha mkekani kwa mstari. Wakatulia kama watu wazima, na hofu yangu ikazidi. Juzi mama yake Mwanaidi akasema, "Shikamoo, Bibi. Bora nishuke naye pwani, hapa anakuchosha." Pwani, miambani, maji yakijaa, mama ameinamia shimo la pweza!

"Mwache," nilisema.

Jana nilijilaza katikati yao, nikajifunika kanga yako. Mimi, Zuhura. Chini yake kulikuwa na joto na harufu ya udi wako, na moyo ulinidunda hata nikadhani saa yangu imefika. Nikawaza: nikifa hapa, Mwanaidi hatalala tena. Miguu midogo ilikuja, ikasimama. Hakuivuta kanga. Nilimsikia akipumua. Nilitaka kukurupuka mwenyewe, lakini huo usingekuwa mchezo wako.

Kisha akainua pindo, kiasi cha jicho moja.

"Bibi," alinong'ona, "kumekucha?"

"Kumekucha," nilisema, nikaketi.

Nikamwambia kwamba wewe umekufa, hutaamka. Mimi nilikuwa nimelala tu. Alinitazama kwa ukali zaidi kuliko mkaguzi yeyote niliyewahi kumpokea darasani. Kisha akaamuru, "Tena!" Tukacheza mpaka mgongo ukaniuma. Mwishowe alijifunika yeye, na nilipoinua kanga, alikuwa amelala. Niliweka kiganja puani pake. Anapumua. Nikakiweka tena, na tena, mpaka mama yake alipokuja.

Pumzika, mdogo wangu, Mola akuangalie huko ambako mkono wangu haufiki. Siahidi kuacha kuogopa. Ninaahidi kwamba kesho adhuhuri nitajifunika tena. Na Bi Somoe nimemwamuru aje kujifunza mchezo, apende asipende, ili siku nisipoamka mimi, pawe na mwingine wa kuamka.

Dada yako.