Arap Ngumi Achagua Mbinu

Baba Wanjiru,

Kile kikohozi ulichosema kitanipeleka kaburini mbele yako kimepona, na wewe ndiye umetangulia. Sasa mjanja ni nani?

Miezi mitatu imepita tangu tukuzike hapo Yamumbi. Kanisani kazi yako ya kupitisha sahani ya sadaka wamempa mtu mwenye haraka, anapita kama amefukuzwa na nyuki, hata mtu hapati nafasi ya kujifanya anatafuta mfukoni. Kiti chako cha magurudumu kimepelekwa kwa mama mmoja wa huko juu. Anakiendesha vibaya kuliko wewe.

Lakini sikuketi hapa kukuletea umbea. Nina shida, na inanizungusha boma zima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikikaa nasimama. Nikisimama nasahau nilisimama kwa nini.

Wanjiru, binti yako, ameamua mchezo uendelee. Ule mchezo wake wa mezani aliotuletea ugonjwa wa sukari ulipokula mguu wako, ukawa unashinda ndani ukigombana na redio. Kila mtu na karatasi yake, na juu ya karatasi mpiganaji wake wa kubuni. Mwalimu Wanjiru anasimulia tumekutana na majambazi gani, sisi tunasema tunafanya nini, halafu dadu la pande ishirini linaamua kama tumeweza. Wewe ulikuwa Padri Chuma, mimi Arap Ngumi. Wazee wawili, meno kumi na tisa kwa jumla, tunapiga watu mateke kwa mdomo.

Sasa Arap Ngumi amepanda ngazi, na lazima nimchagulie mbinu moja mpya ya kupigana. Moja tu. Jumapili baada ya kanisa naiandika kwa wino mbele ya Wanjiru, na ikishaandikwa haifutiki. Kitabu cha sheria ni cha Kiingereza, na mimi na Kiingereza tulisalimiana tu darasa la nne tukaachana, kwa hivyo yeye alinitafsiria. Kuna Teke la Radi, unaruka unaangusha watu watatu mara moja. Kuna Moshi, unapotea hapa unatokea kule. Na kuna Ukuta. Hiyo unasimama mbele ya mwenzako, hupigi, huondoki, na kila pigo lake linakuwa lako mpaka yeye apite salama. Nikamwuliza Wanjiru ni mjinga gani huchagua hiyo. Akasema, "Baba alikuwa nayo."

Jumatatu nikaandika Teke la Radi kwa penseli. Jumanne nikafuta, nikaandika Moshi. Jana nikafuta tena, na karatasi sasa imekuwa nyembamba kama chapati ya hoteli. Mama Jerono ananiangalia tu. Anasema nilipomwoa sikufikiria muda mrefu hivi.

Kosa ni lako. Siku ile ya mwisho kucheza ulivuta karatasi yangu karibu na macho ukasoma: Kukwepa, Kuruka Ua, Kutambaa Kimya. Ukacheka mpaka ukashika meza. "Baba Jerono, karatasi yako yote ni kukimbia." Wanjiru naye akacheka. Mimi nikacheka kidogo, nikaomba sukari na chai ilikuwa na sukari tayari. Ukaniangalia, ukanisogezea bakuli. Wiki iliyofuata ukaenda zako.

Basi tuongee, maana leo huwezi kunikatiza.

Zile siku za baada ya kura, moshi umesimama juu ya Yamumbi na vijana wa upande wetu wameziba barabara kwa mawe wakiwasaka watu wa kabila lako, ulikuja hapa Kapseret kwa gate yangu. Ilikuwa mchana. Wanjiru bado mdogo, mgongoni, wewe na kiatu kimoja. Niliskia ukiita jina langu. Nilikuwa nyuma ya zizi. Nilikuwa nimemwambia Mama Jerono aseme nimeenda Ainabkoi kutafuta mbegu ya viazi, naye akasema, macho yake chini. Gumboots zangu zilikuwa hapo mlangoni, zina matope mabichi. Ulizitazama. Ukamwambia mama asante, ukakata shamba la mahindi yaliyovunwa, na mimi nikakutazama kupitia kwa mbao mpaka ukapotea.

Uliporudi kutoka kwa mahema ya wakimbizi, nilikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na maneno niliyoyapanga njia yote. Kabla sijafungua mdomo ukauliza, "Mbegu ulipata?" Nikasema nilipata.

Wewe mzee, kwa nini uliniachia hiyo njia? Ungenitukana tu. Ningekutukana pia, mimi najua kutukana, tungemaliza siku hiyo hiyo. Na kwa mchezo, kila majambazi wakitokea, Padri Chuma anasogea mbele ya Arap Ngumi. Mimi nilidhani ni kwa sababu ni mnene.

Kinachoniwasha zaidi ni huyu Wanjiru. Mpaka leo anaambia wageni kwamba kama nisingekuwa safarini siku ile, nyumba yangu ingewaficha. Ananiita baba. Ananiwekea kipande kikubwa cha nyama. Nakila.

Sasa hivi nimechukua biro ya Mama Jerono nikaandika Ukuta, sikungoja Jumapili. Herufi zimelala upande, na usiniambie ni uzee. Lakini ukuta wa karatasi hauzuii hata kifaranga, hilo najua bila kuambiwa. Kwa hivyo Jumapili, kabla dadu halijaanguka, nitamwambia mtoto wako kwamba nilikuwepo.

Anaweza kunifukuza. Anaweza kulia, na hiyo ndiyo naogopa zaidi. Miguu itataka kutoka, naijua miguu yangu.

Lala, Baba Wanjiru. Nakuahidi nitabaki kwa kiti mpaka amalize kusema yote aliyonayo, hata kama ni hadi jioni.

Ni mimi, Baba Jerono.