Nafasi ya Mpendekezaji

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Mimi sijambo, ila macho yamechoka. Herufi ndogo sasa nazisoma kwa miwani na kioo cha kukuzia.

Wastaafu na wafanyakazi wa zamani wa kiwanda chetu cha uchapaji tunaunda chama, nami nimepewa kanuni za Kiingereza nizitie katika Kiswahili. Katibu wetu, binti wa yule fundi mitambo, alikuja na rasimu yake. Kila penye “nominate” alikuwa ameandika kuteua. Nikamwambia hapana, anayeteua hutoa cheo, huyu anapendekeza tu. Anataja jina la mtu mbele ya watu, uamuzi ni wao. Akacheka, akaniita kwa lile jina la utani la enzi za usahihishaji, akasema kumbe, Bwana Nukta, kazi yenyewe ni kufungua mdomo tu! Nikamjibu ndiyo. Alipoondoka, kalamu ilinigomea.

Unaikumbuka siku tulipotafuta msimamizi wa chumba chetu cha kupanga herufi. Fundi mitambo alikupendekeza wewe. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono, na chumba kizima kikanigeukia mimi, kaka mtu. Nikainama, nikajifanya napekua karatasi za kusahihisha. Mmoja akatania kwamba Bwana Nukta anatafuta kosa hata katika jina la mdogo wake. Watu wakacheka. Nani angemuunga mkono mtu ambaye nduguye wa damu amemnyamazia? Jina lako likafutwa ubaoni.

Jioni nilikuambia kwamba kanuni hairuhusu ndugu kumuunga mkono ndugu. Uliniamini, maana hukuwahi kunikuta na kosa. Mwezi uliofuata uliacha kazi, ukahama.

Mdogo wangu, kanuni hiyo haikuwapo. Niliitunga njiani. Ungekuwa msimamizi wangu, nami sikutaka kuamrishwa na mtoto niliyemfundisha kusoma. Ni kijicho, wala sitakitafutia neno zuri zaidi.

Sasa chama kinatafuta mwenyekiti. Fomu nimeiweka ndani ya bahasha hii. Kwenye nafasi ya mpendekezaji nimetia sahihi yangu. Fundi mitambo, ambaye hajasahau, ameunga mkono, ila alinitazama kwanza kwa muda mrefu. Chini kabisa pana mstari wako wa kukubali. Ukiuacha mtupu nitaelewa, wala sitauliza.

Nisalimie shemeji, na uwaambie watoto baba yao mkubwa anawakumbuka.

Ni mimi, kaka yako, niliyechelewa kufungua mdomo.