Ile Milanzi Iliyochanua

Mobeni, Durban
Mwezi wa nne, Jumapili ya pili baada ya Pasaka

Kamwene mdogo wangu Yohana,

Kamwene na shemeji, na wote mnaolala chini ya paa lile nililoliezeka mimi peke yangu. Mmeamkaje huko Njombe? Mgongo wako je? Mimi ni mzima. Iko kikohozi kidogo cha upepo wa bahari, na meno ninayo yote isipokuwa yale yaliyotoka. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, sikumwomba mtu. Imenichukua Jumapili mbili. Ukiona herufi zimelala ubavu zisimamishe mwenyewe usome. Darasa la tatu langu lilikuwa kali kuliko la saba lenu.

Kabla hujaendelea kusoma, Yohana, ile barua yangu ya mwezi uliopita, ile niliyokuambia usiguse ua hata moja la milanzi, itie motoni. Isome hii tu.

Uliniandikia kwamba milanzi ya bondeni, mianzi yetu ya pombe, mwaka huu imegoma. Machipukizi hayakutoka, mbeta za mwanzi mlizotayarisha za kugemea zimekaa kavu, ulanzi hakuna. Halafu bonde zima likachanua kwa mara moja, maua kama masuke ya mpunga, jambo ambalo hata shangazi kwa umri wake hajaliona. Na mwisho ukaongeza kama utani kwamba paka wa shemeji amenenepa mpaka maziwa hataki.

Mimi nilifurahi. Bonde lile ni jasho langu. Nani aliyesema tung'oe mahindi tupande milanzi? Mimi. Nani alicheka? Wewe. Na miaka yote hii mmekunywa, mmeuza, mmejengea, mpaka vihenge mnasuka kwa milanzi yangu. Kwa hiyo nikakujibu kwamba hiyo ni baraka, kusanyeni mbegu, na zikikomaa tuipande hata ile heka moja ya mahindi iliyobaki. Nikatuma barua. Nikaenda kazini nikiwa kifua mbele.

Sasa nikueleze kazini. Unajua kiwanda chetu kinatengeneza mapazia ya mianzi, na mimi ndiye ninayechagua mianzi mizuri na mibaya. Hapa Mobeni hakuna mtu anayejua mwanzi kama mimi, hata tajiri mwenyewe huniita, "Baba, njoo uangalie." Fundi wa mashine ya kuchana ni Mhindi mmoja, lakini si Mhindi unayemfikiria. Sura yake ya Kichina kabisa. Wahindi wa hapa Durban, waliozaliwa hapa tangu babu zao, wakimwona dukani wanamwambia Mchina. Yeye anatoa pasipoti, imeandikwa India. Wanacheka, wanasema ameiokota. Anakula nguruwe na kanisani anaimba sauti ya nne. Kwao ni Mizoram, kajimbo kadogo huko milimani mwisho wa India, watu wa kabila lake karibu wote, wana lugha yao na machifu wao wa zamani. Jina lake refu, linaanza na Lal, sisi tunamwita Lala. Wazulu nao kwao lala ni kulala, basi kila akisinzia wakati wa chakula utani ni huo huo, naye hajauchoka. Kiswahili amejifunzia kwa Wakongo, kwa hiyo kwake kila kitu "iko".

Asubuhi ile nikawatangazia wote. Nikasema kwetu milanzi imechanua, bonde zima, mwakani nitakuwa na mashamba mawili. Mukendi, Mkongo tunayekaa naye chumba kimoja Umbilo, akapiga makofi. "Papa, sasa utakuwa patron! Utaajiri sisi!" Nikamwambia wewe sikuajiri, unakoroma.

Lala akazima mashine. Yohana, mtu yule hazimi mashine hata tajiri akipita.

"Mzee," akasema, "maua iko? Yote? Siku moja?"

"Yote," nikasema. "Bonde zima."

"Paka iko?"

Mukendi akaangua kicheko. Mimi nikamwambia paka yupo, tena amenenepa, maziwa hataki. Nikawa bado nacheka. Mukendi akanishika mkono akasema, "Papa, nyamaza. Huyu haiko anacheka."

Chakula cha mchana siku hiyo hakikulika. Lala alitusimulia, Kiingereza kidogo, Kiswahili kidogo, na vidole. Kwao milima imejaa mianzi kuliko watu. Mwanadamu anachoma mteremko, anapanda mpunga, mwaka unaofuata anahamia mteremko mwingine. Kiwanda hakuna. Iko barabara moja inayopanda kutoka tambarare, na chumvi, saruji, mafuta ya taa, vyote vinapita hapo, mvua ikiikata mji mzima unakaa unaitazama. Kusoma wanajua karibu wote, lakini kazi ni ya serikali au hakuna. Basi wakubwa wakasema, mali yenu ni mianzi. Wakafungua kiwanda cha kuikandamiza iwe mbao. Lala akajifunzia mashine pale, akaoa, akajenga.

Halafu mianzi ikachanua.

Wazee wao walikuwa wanajua. Kila baada ya miaka kama hamsini inachanua yote pamoja, inazaa mbegu, inakufa. Mbegu zikianguka panya wanakula wanashiba, na panya aliyeshiba anazaa hovyo. Mwanzoni paka ananenepa, watu wanacheka. Mbegu zikiisha, wale panya wote wanatoka msituni wanaingia mashambani, na hata paka anawakimbia. Mama yake Lala alikwenda shambani kwake akakuta mabua yamesimama na masuke hayapo. Shamba zima, kati ya Jumamosi na Jumatatu, kwa sababu Jumapili hawafanyi kazi. Serikali ikawa inanunua mikia ya panya, watu wakapeleka mikia kwa magunia na panya hawakupungua. Wakati wa babu zao njaa ya namna hiyo ilizaa vita iliyokaa miaka mingi. Safari hii chakula kililetwa, lakini mianzi ilikuwa imekufa na kiwanda kimefungwa. Ndiyo maana yuko hapa anatengeneza mashine za watu. Sasa kwao wanagawiwa miche ya tangawizi na michikichi, wanaambiwa acheni kuchoma, mali yenu ni hii. Anasema mama yake ameipanda, lakini kila asubuhi anaikagua mashina.

Nikamwambia mianzi yenu si milanzi yetu. Nilibisha, Yohana, wewe unanijua. Nikabisha siku nne. Nikasema milanzi ni kitu cha Mungu, inatoa pombe, yenu inatoa nini? Lala hakubishana. Kila asubuhi ananikuta getini ananiuliza, "Mzee, paka iko?"

Siku ya tano nikafungua barua yako nikaisoma tena. Machipukizi hakuna. Maua yote pamoja. Paka amenenepa. Eish. Nilikaa chini.

Sikukosea. Nilikuwa sijaambiwa. Lakini sikiliza sasa kama hujawahi kunisikiliza.

Ile heka moja ndiyo chakula chenu chote cha mwaka, kwa sababu bonde lote nililifanya milanzi mimi. Usingoje mahindi yakauke shambani. Vuneni siku ile ile mtakayosoma barua hii, hata yakiwa na maji, kausheni juu ya dari la jikoni kwa moshi kama alivyofanya mama. Usitie hata hindi moja kwenye kihenge. Kihenge ni milanzi, Yohana, panya atakitafuna akiingia na kukitafuna akitoka. Huyu dereva Mnyakyusa aliyekuletea barua atakuwa ameshusha Makambako mapipa sita ya chuma yenye vifuniko. Nimeyapata kwenye maghala ya Clairwood, yalikuwa na mafuta ya kula, si dawa, nimenusa mwenyewe moja baada ya jingine. Dereva nimempa redio yangu, usimpe kitu kingine. Mahindi yakikauka yapukuchueni, yaingie humo, na vifuniko vifungwe mpaka shemeji ashindwe kuvifungua.

Milanzi fyeka. Ndiyo, nimesema fyeka, na mkono wangu ndio umeandika. Mbegu zilizo juu ziunguzeni kabla hazijaanguka, na zilizoanguka zifagieni mchome. Anza na ule mstari unaozunguka kaburi la mke wangu mama Tumaini, maana uko karibu na shamba. Najua niliupanda wiki ile tuliyomzika. Fyeka tu.

Na waambie majirani. Hata yule wa ng'ambo ya mpaka ambaye nimeapa sitamsalimia mpaka nife, nenda kwake mwambie mimi nimesema. Akicheka mwache acheke, lakini rudi umwambie tena. Milanzi yake inagusana na yetu.

Nakujua. Utakaa kibarazani useme kaka amezeeka, amelishwa kitu na Mhindi. Sema, lakini useme ukiwa na panga mkononi. Mimi nilikudharau uliponiambia mahindi yabaki bondeni, ukanyamaza ukanitii. Safari hii nitii tena, halafu basi, nikirudi utaniambia maneno yote uliyoyaweka, nami nitakaa nisikilize. Hilo sijamwahidi mtu yeyote tangu nizaliwe.

Nisalimie shangazi, mwambie dawa ya miguu yake iko ndani ya pipa la kwanza, asimpe mtu. Nisalimie mjomba fundi cherehani na mzee wa kanisa aliyenibatizia watoto, awatangazie watu ibadani habari hii badala ya matangazo marefu ya harambee. Shemeji mwambie asiudhike kuhusu vihenge, najua alisuka viwili vipya.

Lori linachukua karibu wiki tatu kufika kwenu, kwa mipaka ile. Ninavyohesabu, utakaposoma hapa mbegu nyingi zitakuwa zimeshaanguka. Kwa hiyo sitaki jibu refu. Panda kilimani pale penye mtandao unipigie, au mpe dereva karatasi, neno moja linatosha. Lala ananisubiri getini kila asubuhi, na sasa Mukendi naye ameanza, na siku hizi hakuna anayecheka.

Paka yupo?

Ni mimi kaka yako mkubwa, mwenye bonde,
Baba Tumaini