Nilimvunja Baba Mbavu Mbele ya Wageni

Mkeka tayari nimeshauchukua, Mama Fetuao, ule mzuri wa mama wa kutolea kwenye harusi, nimeuficha nyuma ya matangi ya maji, na kesho alfajiri nataka nijifunike nao nikae mbele ya nyumba yetu mpaka baba atoke anifunue, kama watu wanavyofanya ifoga, kuomba msamaha wakiua mtu wa watu, ila dada yangu Lagi kaniona akacheka mpaka akakaa chini, "Ifoga ya mtu mmoja! Nani atakufunua, kuku?" ndiyo maana nakuandikia wewe wa redioni kwanza, naomba unisaidie, shule niliacha mapema unisamehe mwandiko.

Baba yangu ni matai, mkuu wa ukoo wetu, kijiji kizima kinamheshimu, na siku ya kriketi na kijiji cha ng'ambo ya mto alipiga mpira akakimbia, karibu kabisa na mstari akaanguka kifudifudi, watu wakacheka, maana baba mchezoni ni mtu wa vituko, timu yetu ikazidi kupiga debe kama ngoma na kucheza, hata mama akasema "Mwoneni mzee wangu!" lakini mimi huwa siongei, naangalia tu, nikaona mguu wake umelala vibaya, mtu anayetania halazi mguu hivyo. Nikakimbia. Nikamgeuza, hapumui. Nesi Sulia alitufundisha vijana kanisani kusukuma kifua, basi nikapiga magoti juu ya baba yangu, matai, mimi ambaye hata nikipita mbele yake nainama, nikamsukuma na kumpigia kelele kwa jina lake tupu, "Aperamo! Aperamo!" kama naita mbuzi, na wageni wote wanaangalia, nikasikia mbavu zinalia kwaa, nikaendelea, mpaka pikapu ya zahanati ikaja na mashine ya kuushtua moyo.

Amerudi kutoka hospitali wiki ya sita hii, haongei nami. Nikimpelekea chakula naweka naondoka mbio. Akienda shamba la magimbi namfuata kwa mbali, najificha kwenye migomba, asije akaanguka tena, na juzi akapaza sauti bila kugeuka, "Huo mgomba unaokohoa uende nyumbani!" Nikaenda, lakini nilirudi kwa njia nyingine. Usingizi sina, chakula hakishuki, kila nikifumba macho nauona ule mguu. Nitawezaje kukaa tena na baba yangu? Nijifunike mkeka au nisijifunike?

Falaniko

*

Falaniko, mwanangu, kwanza rudisha mkeka wa watu! Mama yako akiukuta una ukungu ndipo utajua ifoga ni nini.

Sasa nisikilize. Mbavu zinavunjika. Muulize huyo nesi Sulia, atakwambia anayesukuma kwa adabu adabu anazika. Uwanja mzima ulikuwa unacheza ngoma juu ya maiti, wewe peke yako uliangalia. Halafu unataka kuomba msamaha? Wa nini? Wa kuwa na baba?

Lakini na kukugombeza nitakugombeza. Unadhani amenyamaza kwa hasira. Umemuuliza? Mtu aliyesimama moyo akarudishwa, ile siku yake imekatwa kipande. Kijiji kizima kinayo hadithi, mwenyewe hana! Anaamka na kifua kinauma, watoto wanamkimbia, migomba inamkoholea. Wewe ungefurahi? Watu kama yeye huingiwa na hofu, huwa wakali kwa jambo dogo, hulia bila sababu, na wanaume wa kwetu hayo yote huyaita "nimechoka". Siyo kwamba hakupendi.

Kwa hiyo ukimpelekea chakula, usikimbie. Kaa. Mwambie yote, na kucheka kwa watu, na jina ulilomwita, na woga wako. Daktari kama amemruhusu kutembea, mwache atembee, dawa zake mtazifuatilia wewe na mama yako. Na wewe nenda kwa nesi Sulia ukamwambie habari ya usingizi na ule mguu, usiniambie huumwi. Aliyesukuma naye alianguka siku ile, ila hakuna aliyemwona. Nenda wiki hii, siyo ukipata nafasi.

Mama Fetuao

*

Mama Fetuao, mkeka nimerudisha, na kwa nesi nimekwenda, tumeongea sana, yaani yeye kaongea na mimi nimelia, nitarudi Jumatatu.

Kwa baba nilikaa. Nikasema yote. Akauliza, "Walicheka?" Nikasema walicheka, baba, walipiga debe. "Na mama yako?" Na mama. Basi akaanza kucheka, ameshika ubavu, "Usinichekeshe, we mtoto, ulinivunja!" halafu kicheko kikageuka kilio, sijawahi kumwona baba analia, nikasogea nikamshika mkono. Akasema alidhani simtazami usoni kwa kuona aibu, baba matai kaanguka kama gunia mbele ya wageni. Yaani tulikuwa tunakimbiana wawili!

Tulipotulia akaniuliza, "Falaniko, kabla sijaanguka, ule mkimbio wa pointi niliumaliza?" Nikamwambia mguu mmoja ulikuwa umeshavuka mstari. Akakaa wima. "Waliuhesabu?" Hakuna aliyehesabu, baba, ulikuwa umekufa. "Kufa siyo kutolewa," akasema, "hakuna sheria hiyo."

Basi naondoka sasa, amenituma kwa kepteni wa timu ya ng'ambo nikadai mkimbio wake, na lazima nifike kabla baragumu la kombe halijapulizwa kwa sala ya jioni, maana likilia kwao hakuna kupita njiani. Nimesema nimsubiri Lagi arudi, baba asibaki peke yake. Amesema, "Nenda." Amekaa kizingitini, aniangalie mimi ninavyokwenda.