Minyoo Ndani ya Roho

Bunia, Bigo, juin 1983

Yaya Anaclet,

Samaki yako ya Tchomia ilifika muzuri. Lakini ile mbwa ulitupatia ilikufa. Ilikohoa tangu Pasaka, kisha ikaanguka. Bwana yangu akapayuka: jirani Vital ameitilia sumu! Akamupiga na muchi mpaka mukono ikavunjika, damu ikaruka ku ukuta. Nililalamika, nani alinisikia?

Kesho yake veterinere, munganga wa nyama, akapasua mbwa. Roho, ule moyo wenyewe, ilijaa minyoo mirefu kama uzi. Akasema: "Sumu hapana. Mbu njo inaleta hii. Kidonge ya kila siku ingeikinga."

Leo Vital mwenyewe ametuletea vidonge, juu ya kukinga mutoto wenye ile mbwa ilituachia.

"Mupatie kila siku, mama. Nayo ikikufa, bwana yako atanivunja hata huu mukono wenye ulibakia."

Mudogo wako,
Lucienne