Mkono wa Mama Kwenye Ukurasa wa Kati

Chumba cha nyuma,
Duka la kupanga vitabu, mlango wa bluu.
Jumamosi, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa mwanangu Masikio,

Hujambo huko uliko? Mkeo hajambo, watoto hawajambo? Na baba yako, yule kaka yangu uliyemweka chumba cha mbele, anakula? Bado anakoroma kama mashine ya kukoboa? Mimi baba yako mdogo ni mzima, ila goti la kushoto limeasi, na meno yaliyobaki hayasalimiani. Tunashukuru.

Nimeshika kalamu kwa sababu kuna jambo limenikaba na humu ndani hakuna wa kumwambia. Vitabu vya kumbukumbu ya marehemu bibi yako vinaletwa leo kutoka kwa mpiga chapa. Nakuandikia huku nasikiliza mlango.

Katikati ya kitabu kuna picha ile moja tuliyo nayo. Mama, yaani bibi yako, amekaa kitini. Shangazi yako kasimama nyuma yake kama askari wa lango. Mimi nimechuchumaa mbele, kamasi zinang'aa. Pembeni kulia yuko baba yako, na mkono wa mama uko begani kwake.

Sasa shangazi yako, Jemadari wetu, ndiye aliyeandika kitabu, na akaamuru baba yako asionekane. Sababu unaijua. Aliondoka mama akiwa kitandani, hata kuzika hakuja. Jemadari ndiye aliyemgeuza mama, akamwogesha, akamfumba macho. Mimi nilikuwa wa kuchota maji tu. Kwa hiyo simlaumu. Lakini wewe nawe uliniomba baba yako awemo, ajione na mama yake kabla macho hayajamzimikia kabisa. Nikajibu nitajaribu, mdomo wangu huu! Tangu hapo nimekalia kaa la moto.

Anayepanga kurasa za kitabu ni shemeji yako, mke wa mwanangu, mwenye duka hili. Ungemwona anavyofanya kazi ungecheka. Picha haigusi wala haiburuti. Anaandika amri, mstari chini ya mstari, kama karani wa mahakama: weka picha hapa, upana wake nusu ya ukurasa, pembe ziwe za mviringo, kivuli kianguke chini kulia. Halafu anabonyeza, kompyuta inafikiri kidogo, ukurasa unatoka umevaa nguo zake. Siku moja nilimwomba nijaribu kuinamisha picha kidogo, ipendeze. Nikaandika namba niliyoiona nono. Mama akatoka kichwa chini miguu juu, na Jemadari ndiyo kwanza anaingia mlangoni. Nilijifanya nakohoa mpaka nikakohoa kweli.

Kukata picha kulishindikana, maana ukimkata baba yako unaukata na mkono wa mama. Jemadari akataka ukungu: picha ififie taratibu kuelekea kulia mpaka iwe nyeupe kama karatasi. Shemeji yako akaandika mstari mmoja wa amri, ukungu ukaja. Masikio, sikupenda nilichokiona. Baba yako alikuwa hayupo, sawa, lakini mkono wa mama ulianza vizuri begani, ukafika kwenye kiwiko, ukayeyuka. Mama akawa kama mtu anayepapasa gizani.

Nikasema, "Dada, mama amekatika mkono."

Akanijibu bila kunitazama, "Mkono huo niliushika mimi mpaka ukapoa. Usinifundishe." Akaongeza kwamba akiiona sura ya mtu yule kwenye kitabu, vyote anavitia kiberiti hapohapo dukani. Na Jemadari hatishi, anaahidi.

Hapo ndipo shetani wangu alipoamka. Zamani kidogo shemeji yako alinionyesha kwamba ukiweka alama ya asilimia mwanzoni mwa mstari, kompyuta inauruka mstari huo, inauona kama maneno ya mtu anayeongea peke yake. Mstari haufutiki, unalala tu. Basi Alhamisi, alipotoka kwenda kununua wino, nikakivuta kiti. Nikautafuta mstari wa ukungu kwa kidole. Nikaulaza.

Aliporudi alikaa, akatazama skrini. Kumbe mstari uliolala unabadilika rangi, unakuwa wa kijivu! Hilo hakuniambia, mwanamke mwerevu yule.

"Baba, huu mstari mbona umelala?"

"Labda umechoka."

"Nani kaulaza?"

"Mimi nitajua wapi, mwanangu? Mimi na darasa la nne langu."

Hakucheka. Alikaa mikono mapajani, anautazama tu ukurasa. Kisha akageuza skrini nisiione, akabonyeza vitu, akachomoa flashi, akaenda kwa mpiga chapa. Tangu siku hiyo hanisemeshi zaidi ya chai na uji. Sijui kauamsha mstari ule au kauacha umelala. Kama kauacha, duka lake linaungua kwa sababu ya kidole changu. Kama kauamsha, nitakuambia nini wewe?

Jemadari yuko hapo mbele, amevaa miwani na kiberiti kiko mezani, karibu na kikombe chake. Wanagonga. Ngoja.

Naendelea. 

Shemeji yako alikata kamba ya boksi. Jemadari akachukua kitabu cha juu, akalamba kidole, akafungua katikati. Baba yako alikuwa pale mzimamzima, masikio yote mawili makubwa kama yako, na kivuli kizuri chini yake. Shemeji yako alisimama wima kama mshtakiwa. Mimi nilikuwa nautafuta mlango wa nyuma kwa kisigino.

 Jemadari aliweka kidole juu ya mkono wa mama, akaufuata polepole, kiwiko, kifundo, mpaka vidole begani.  

Kisha akasogeza kidole kwenye shati la baba yako. "Shati hili nilimshonea mimi," akasema. "La kwanza kushona. Kola ilinipinda, na akalivaa hivyo hivyo siku ya picha."

Akakichukua kile kiberiti, akakitia mfukoni. Akaniambia nikuandikie, nami nikamwambia barua iko nusu.

Nakutumia kitabu pamoja na barua hii. Msomee baba yako kwa sauti, ingawa kwa masikio yale hahitaji. Usimwambie amesamehewa, maana sijatumwa hivyo. Nimetumwa swali, la kwanza tangu alipoondoka: Jemadari anauliza, siku ile ya picha alijua kwamba kola imepinda, au hakujua? Anataka ajibiwe na yeye mwenyewe.

Nisalimie mkeo, watoto, na yule fundi viatu jirani yenu anayeniibia kwenye karata. Shemeji yako anawasalimu. Leo kanisemesha, kaniita mhalifu. Mungu ayaangazie macho ya baba yako hayo yaliyobaki mpaka ukurasa wa kati.

Wako akupendaye hata usipoandika,
Baba yako mdogo, mwenye kamasi.