Kutibiwa Bure

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Mimi mzima wa mwili. Ya moyoni utayasikia. Mama ana nafuu. Mkono wa kulia bado mzito, lakini jana alishika kijiko mwenyewe, kisha akagomba kwamba uji wa wodini hauna sukari.

Mwezi uliopita alikuja kinyozini kwangu mama mmoja anayekusanya maoni kuhusu ule mpango wa matibabu kwa wote, tajiri na maskini mlango mmoja. Unanijua, benchi likijaa wateja mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia tukitibiwa bure, tutakuwa tumetibiwa bure. Watu wakavunjika mbavu. Fundi viatu, aliyekuwa akiutetea mpango huo tangu asubuhi, akageuka palepale akasema na yeye aandikiwe hapana. Mtaa mzima ukayabeba maneno yangu, nami nikavimba kichwa. Hoja sikuwa nayo, dada. Nilipenda tu yalivyokaa mdomoni.

Sasa unataka tumshtaki muuguzi wa zahanati kwa kumnyima mama dawa za presha. Kwenye simu niliitikia, nikaongeza chumvi kwamba ana kiburi. Tafadhali usimshtaki, utamharibia kazi mtu asiye na kosa. Dawa zilikuwepo, tena bila malipo, na yeye mwenyewe alimfuata mama nyumbani kumuuliza kulikoni haonekani.

Mama aliacha kwa hiari yake. Utani wangu ulimfikia sokoni, akaambiwa ni wa mwanawe, akaona fahari. Alimwambia jirani kuwa mwanawe huongea na watu wa kila aina, hawezi kusema asichokijua. Akaamini kumbe zile dawa za bure zinatibu bure. Hakurudi tena zahanati, mpaka alipoanguka jikoni.

Naona aibu hata kumkata mtu ndevu. Wateja bado wananiomba niurudie utani ule, nami najifanya sisikii kwa kelele za mashine.

Daktari alipomuuliza kwa nini aliacha dawa, mama alinitazama kwanza. Kisha akasema, kwa mdomo wake uliopinda, kuwa ni uzee tu, alisahau.

Nisalimie shemeji, nibusie watoto. Nimekuandikia mwenyewe, maana kwa mama hutayasikia kamwe.

Ni mimi mdogo wako,
Kinyozi